Kiasi cha kumbana mtoto: mwongozo kwa wazazi na walimu wa kando ya ziwa

Mzazi au mwalimu anayetaka kujua ambane mtoto kiasi gani aanze kwa kuyagawa makatazo yake mafungu matatu: yasiyo na mjadala, ya kupatana na mtoto, na ya kumwachia mwenyewe. Katika nyumba nyingi za hapa Mwanza fungu la kwanza limejaa kupita kiasi, hata rafiki wa kucheza naye na upande wa kulalia vimekuwa amri, na mtoto aliyezungukwa na amri mia hashiki tena ile moja inayolinda uhai wake.

Kwetu amri hiyo ni ya ziwa. Mtoto asiingie majini bila mtu mzima, na asioge kabisa penye maji ya kina kifupi yaliyotulia na yenye magugu, kwa kuwa ndiko wanakoishi konokono wanaoeneza kichocho, ambacho vimelea vyake hupenya ngozi bila mtu kuhisi. Tena zipo fukwe zenye mamba. Usiishie kumwambia "nikikukuta ziwani utanitambua." Mpeleke ufukweni, msimame pakavu, umwonyeshe yalipo magugu na konokono mdogo aliyejishikiza kwenye jani, umweleze ugonjwa unavyoingia. Kisha mwambie kwamba akiumwa tumbo au akiona damu chooni aje kwako mara moja, na kwamba siku hiyo hatachapwa hata kama aliogelea, kwa sababu kichocho kina dawa. Ahadi hiyo uitimize. Mtoto anayechapwa kila akionekana na nywele mbichi hujifunza kuzikausha juani kabla ya kurudi nyumbani, na siku akiona damu hunyamaza.

Fungu la pili lina simu, saa ya kurudi na kwenda kibanda umiza kutazama mpira. Hapa kaeni, mtoto aseme anachotaka, nawe useme unachohofia, kisha mpatane mapema kitakachofuata akivunja makubaliano, na kiwe na uhusiano na kosa: aliyechelewa kurudi leo, kesho hatoki. Wa miaka saba umpangie karibu yote. Wa miaka kumi na minne akipanga mwenyewe na wewe ukasikiliza, utakuwa umefanya kazi kubwa zaidi.

La tatu ni fupi: michezo, marafiki wasio na madhara, mtindo wa kupanga vitabu vyake. Mwache.

Shuleni mipaka imekwisha kuwekwa na sheria, na mzazi ana haki ya kuifahamu. Kwa mujibu wa kanuni za adhabu ya viboko, viboko havizidi vinne, hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye, na huandikwa kitabuni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inadai kwamba kumrudi mtoto kulingane na umri wake na hali yake ya mwili na akili. Kwa upande wangu ningependa fimbo iachwe kabisa, lakini hata anayeiamini hana ruhusa ya kumchapa mtoto papo hapo, kwa hasira, mbele ya darasa.

Kabla ya adhabu yoyote, mwalimu aulize. Katika shule zilizo karibu na mialo, yaani mahali wavuvi wanapoegesha mitumbwi na kushusha samaki, utoro huweza kufuata mwezi: usiku wa giza wavuvi huwasha karabai, dagaa hupatikana kwa wingi, na alfajiri mtoto huwa amesimama mchangani pamoja na mama yake akianika, mikono ikinuka samaki, wakati mwalimu wa zamu anaandika jina lake miongoni mwa watoro. Mwalimu amwite mama huyo kwa heshima, saa ambayo si ya kuanika, wakae watatu na mtoto akiwapo, wahesabu siku za giza za mwezi ujao, na wapatane nani mwingine atakayeanika asubuhi hizo ili mtoto awahi kipindi cha kwanza.