Injini ya mtumba inagonga ulipoiwasha mara ya kwanza: namna ya kuisikiliza kabla hujaishusha

Injini iliyokaa miezi kwenye kontena na godauni, oili yake yote hushuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Huku juu, kwenye kemshafti (shafti inayofungua vali) na cheni inayoizungusha, hubaki utando tu. Ukiiwasha hivyo, chuma kinasuguana na chuma kabla pampu haijafikisha oili. Nitatumia mfano wa 1NZ-FE, injini ya Toyota ya sisi (cc) 1,497 ya IST na Probox, kwa kuwa ndiyo ninayoifunga mara nyingi.

Hatua ya 1: ikiwa bado chini. Fungua filta ya zamani, ikate, tandaza karatasi yake juani. Weusi ni kawaida. Ukiona chembe nyingi za chuma zinazong'aa, usiifunge, mrudishie muuzaji. Kisha toa plagi, weka spana kwenye boliti ya puli, zungusha krankishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) raundi 2 kamili kwa mkono. Ikikwama popote, usilazimishe.

Hatua ya 2: ukishaifunga kwenye gari, pandisha oili bila kuiwasha. Filta mpya, oili lita 3.7. Plagi zikiwa bado nje, chomoa soketi za koili (zinazozipa plagi umeme) na za nozeli (zinazonyunyiza petroli) zote nne. Watu husahau nozeli, petroli inamwagika ndani na kuosha oili kwenye kuta za silinda. Piga stata sekunde 10, ipumzishe nusu dakika, rudia mpaka taa ya oili izime kwenye dashibodi. Isipozima, usiwashe gari. Toa swichi ya oili, funga geji ya mkono uone presha halisi.

Hatua ya 3: washa. Rudisha kila kitu. Mmoja akae kwenye usukani akitazama taa, mwingine asimame mbele ya injini. Mguu usiguse akseli! Kuna mazoea mabaya ya kukanyaga akseli kwa nguvu ili injini mpya "ijisafishe". Taa ya oili ikichelewa kuzima zaidi ya sekunde 5, zima. Rekodi video, sauti isikike vizuri, muuzaji atakuuliza.

Hatua ya 4: sikiliza sauti inatoka wapi. Chukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni, mbali na feni na mikanda.

Mchakacho upande wa mikanda unaokwisha baada ya sekunde chache ni cheni: tenshona (kikazio) yake husukumwa na oili, na ilikuwa tupu. Ukirudi kila asubuhi, cheni au tenshona imechoka. Tiki-tiki nyepesi juu huenda ikawa nozeli, ambazo zina mlio wake wa kawaida, au tapeti, zile zinazosukuma vali. 1NZ haina tapeti zinazojirekebisha kwa oili, kwa hiyo usisubiri "zijae". Pima uwazi kati ya tapeti na kemshafti. Mlio wa chaf-chaf unaopungua injini ikipata moto ni gaskiti ya manifoldi ya ekzosi.

Mlio wa kugonga unaotoka nyuma, kwenye giaboksi, ndio unaodanganya mafundi wengi. Niliwahi kushusha injini nzima nikiamini konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krankishafti) imekufa, mwenye gari amekaa pembeni ameshika kichwa. Nilipotenganisha giaboksi nikakuta boliti za toki konveta, inayounganisha injini na giaboksi ya otomatiki, hazikukazwa. Sauti yake ni nzito, ya chuma, inafanana kabisa na konrodi. Siku hizi nafungua kwanza kifuniko cha chini na kukagua kila boliti, pamoja na nyufa kwenye sahani ya flaiwili. Ukiweka gia huku umekanyaga breki na mlio ukabadilika, anzia huko.

Hatua ya 5: jaribio la koili. Kama mlio wa kugonga unatoka chini, katikati ya bloku, na unazidi ukikanyaga akseli kidogo, zima, chomoa koili ya silinda 1 na soketi ya nozeli yake, kisha washa kwa sekunde chache tu. Rudisha, nenda silinda ya 2, mpaka ya 4. Silinda ambayo ukiikata mlio wa kugonga unapungua wazi, beringi ya konrodi yake ndiyo mgonjwa.

Hapo usimwambie mteja aendeshe kwanza "itatulia". Beringi iliyolegea inakula krankishafti kila mzunguko. Zima, usifungue sampu kama injini bado iko kwenye siku za majaribio, maana wauzaji wengi hukataa injini iliyofunguliwa. Mpigie muuzaji, mtumie ile video, aje aisikie mwenyewe ikiwa ndani ya gari.