Maneno marefu ya Kidachi: yakate hivi, yakaze hivi

Ukianza Kidachi (Kiholanzi) halafu ukutane na neno kama tafelkleed usiogope, ni maneno mawili tu yameshikana bila nafasi, tafel ni meza, kleed ni kitambaa, na sisi tungesema kitambaa cha meza, wao wanageuza. Kwa hiyo anza kusoma kutoka nyuma! Neno la mwisho ndo bosi, ndo linakwambia kitu chenyewe ni nini na pia ni de au het (vijineno vinavyotangulia nomino): de tafel, het kleed, basi ni het tafelkleed.

Katikati mara nyingine wanatia gundi, -en- au -s-, kama boekenkast (kabati la vitabu) na stationsplein (uwanja wa stesheni), hizo zikariri tu pamoja na neno lake.

Sasa kukata silabi, hapa ndo watu wengi wanakwama. Kata kwanza pale maneno yalipoungana. Avondeten, chakula cha jioni, ni avond-eten, sio avon-deten. Na valkuil ni val-kuil, shimo la mtego, ukikata valk-uil umeshapata ndege wawili, kozi na bundi.

Mkazo je? Sisi tumezoea silabi ya pili kutoka mwisho, hiyo tabia iache kabisa, kaza neno la kwanza: TA-fel-kleed, A-vond-e-ten. Stadhuis (ukumbi wa mji) ni mkaidi, mkazo uko kwenye huis. Yasome kwa sauti kila siku, sikio litazoea.