Kuwasha ruta ya MikroTik kwa seva ya TFTP ili kuiwekea OpenWrt

Jumamosi nilikaa na kijana anayesambaza intaneti mtaani kwetu, tukaiwekea OpenWrt (mfumo huria wa kuendesha ruta) ruta yake ya MikroTik, modeli ya hAP ac². Tulimaliza upesi. Mimi mara ya kwanza nilipoteza siku nzima kwenye hatua ya pili, kwa hiyo isome taratibu.

1. Hifadhi ufunguo wa leseni ya RouterOS, mfumo unaokuja na ruta, nje ya ruta. Kisha pakua mafaili mawili ya modeli yako: lenye neno initramfs (la kuwaka kwa muda kwenye RAM) na lenye neno sysupgrade (la kubaki ndani ya ruta). La kwanza liweke /srv/tftp kwenye laptopu yenye Linux, uliite ruta.bin; la pili liite sysupgrade.bin.

2. Usichomeke kebo moja kwa moja kati ya laptopu na ruta. Weka swichi ya kawaida katikati, hata ile ya bei nafuu ya milango mitano. Ruta inapowaka upya, mlango wake unazimika kidogo. Laptopu ikiona kebo "imekufa", programu inayosimamia mtandao inaifuta anwani uliyoiweka kwa mkono. Ikija kuirudisha, ruta imeshaomba anwani na faili la kuwakia, imekosa jibu, imeendelea na RouterOS yake. Kukiwa na swichi, upande wa laptopu haukatiki kamwe. Mimi siku ile nilibadilisha faili mara nne nikidhani limeharibika, kumbe faili lilikuwa zima.

Upande wa ruta, kebo iingie mlango namba 1. Zima Wi-Fi ya laptopu na ufungue UDP 67 na 69 kwenye fayawoli. Halafu (eth0 ni jina la mlango wa kebo wa laptopu; weka la kwako):

ip addr add 192.168.1.10/24 dev eth0

3. Washa seva. Natumia dnsmasq pekee, kwa sababu inabeba DHCP (kugawa anwani) na TFTP (kutuma faili) pamoja. Sioni haja ya programu mbili.

dnsmasq --no-daemon -p0 --interface=eth0 --bind-interfaces --dhcp-range=192.168.1.100,192.168.1.200 --bootp-dynamic --dhcp-boot=ruta.bin --enable-tftp --tftp-root=/srv/tftp --log-dhcp

Usisahau --bootp-dynamic. Ruta hizi kwa kawaida huomba kwa BOOTP, njia ya zamani kuliko DHCP, na bila neno hilo dnsmasq haizipi anwani kutoka kwenye fungu hilo.

4. Bonyeza kitufe cha riseti, chomeka umeme, endelea kushikilia mpaka skrini ionyeshe ruta.bin limetumwa. Ukiachia taa ikiwa bado inapepesa, utafuta tu mipangilio ya RouterOS.

Skrini ikibaki kimya, fungua dirisha jingine:

tcpdump -ni eth0 port 67 or port 69

Tcpdump huona pakiti zinazoingia kabla fayawoli haijazigusa. Ombi likionekana bila jibu, chunguza fayawoli. Lisipoonekana kabisa, angalia kitufe au mlango wa kebo.

5. Zima dnsmasq, hamisha kebo mlango wa 2. OpenWrt iliyowaka iko kwenye RAM tu. Umeme ukikatika sasa, unarudi hatua ya 3.

scp -O sysupgrade.bin root@192.168.1.1:/tmp/
ssh root@192.168.1.1 sysupgrade -n /tmp/sysupgrade.bin

Subiri ijiwashe yenyewe, usiguse umeme.