SOMO: Mwezi wa kwanza wa meno bandia, tangu kuyajaribu hadi yatulie mdomoni

Wakuu, kila wiki swali ni lile lile: "Nimewekewa meno bandia, yanauma, nifanyeje?" Kumjibu mmoja mmoja kumechosha, kwa hiyo leo naliweka lote hapa, na atakayeuliza tena ataelekezwa hapa. Somo ni la meno ya kuvaa na kuvua, yale ya akriliki (plastiki ngumu) yenye ufizi wa pinki, iwe seti nzima au machache yanayoshikwa na waya.

Shika hili kwanza: fizi hubadilika, meno bandia hayabadiliki. Karibu kila usumbufu unaanzia hapo.

Hatua ya 1: Majaribio ya nta. Kabla hayajapikwa, meno hupangwa kwenye nta na kujaribiwa mdomoni. Hapo ndipo pa kusema rangi imezidi weupe au meno ya mbele yamekwenda upande. Simama mbele ya kioo, tamka "sitini, sabini, safisha", usikilize kama S inatoka sawa. Jino la kwenye nta husogezwa kwa dakika chache. Likishapikwa kwenye akriliki, imetoka hiyo.

Hatua ya 2: Siku ya kuyachukua. Vaa na uvue mwenyewe mara tatu mbele ya daktari. Yasukume kwa vidole hadi yakae. Usiyakaze kwa kuyauma, ndivyo waya zinavyopinda.

Hatua ya 3: Kama umevalishwa siku ileile ya kung'olewa. Usiyavue saa 24 za kwanza mpaka daktari akuone, hata yakikukera. Yanakandamiza kidonda kama bandeji. Ukiyavua, fizi huvimba na hayarudi tena. Aliyesubiri fizi zipone, hatua hii haimhusu.

Hatua ya 4: Kula. Wiki ya kwanza vyakula laini, vipande vidogo: ndizi za kupika, wali uliolainika, ugali usiokaza. Tafuna pande zote mbili kwa pamoja, maana ukielemea upande mmoja, wa pili unanyanyuka. Usiume kwa meno ya mbele. Embe likatwe kwa kisu. Miwa, mahindi ya kuchoma na bazoka, achana navyo. Wenye seti ya juu wajihadhari na mambo mawili. Kaakaa limefunikwa, kwa hiyo halihisi joto la chai wala mwiba wa samaki. Chai ijaribu kwa mdomo wa chini kabla ya kumeza. Samaki mchambue kwa vidole sahanini, usitegemee ulimi utaukuta mwiba.

Mate kujaa siku za mwanzo ni kawaida. Mdomo unadhani umepewa chakula. Yatapungua.

Hatua ya 5: Kidonda. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo someni polepole. Meno mapya karibu yote huchubua mahali fulani, mara nyingi ukingoni. Dawa yake ni kurudi kwa daktari apunguze akriliki, na kinachopunguzwa ni kidogo sana. KOSA LA KWANZA ni kuyavua siku tatu, ukaenda kliniki fizi zimeshapoa. Daktari hataona alama, atapunguza kwa kubahatisha. Yakiuma sana yavue upumzike, lakini yavae tangu siku moja kabla ya kwenda, au angalau saa kadhaa, ili wekundu uonekane. KOSA LA PILI ni kujisugulia nyumbani kwa msasa, kisu au tupa. Usiguse! Panapouma sipo lazima panapogusa. Mara nyingi meno ya nyuma yanakutana vibaya, seti inasukumwa, ndiyo maana ukingo unachubua mbele. Ukikata ukingo, umeacha chanzo na umeharibu ule ukingo wa pembeni unaozuia hewa isiingie, na seti ya juu itaanza kudondoka ukipiga chafya. Akriliki uliyoiondoa hairudi kwa maombi; inabidi ijazwe upya kwa gharama. Wakati unasubiri, sukutua maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi. Na kidonda kisichopona wiki mbili hata baada ya kuacha kuvaa, kionwe na daktari akichunguze kwa ajili ya saratani. Hilo msilipuuze.

Hatua ya 6: Usafi na kulala. Yavue usiku. Osha juu ya beseni lenye maji, yakiponyoka yasivunjike. Mswaki laini na sabuni ya kawaida. Dawa ya meno, majivu na mkaa vinakwaruza, na kwenye mikwaruzo ndipo fangasi wanajificha. Maji ya moto yanapindisha akriliki. Yalale kwenye maji ya kawaida, yasikauke. Fizi na ulimi navyo visuguliwe.

Hatua ya 7: Yakilegea. Baada ya kung'oa, mfupa wa taya husinyaa kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo. Waliovalishwa siku ileile watarajie kujaziwa upande wa ndani kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Gundi ya meno bandia ni ya kukusogeza, siyo tiba.

MASWALI

Mzawa_Moro: Mkuu somo zuri. Kwa hiyo naweza kulala nayo?

Mwandishi: Hatua ya 6, sentensi ya kwanza.

Mzawa_Moro: Nauliza kwa sababu mke wangu hajawahi kuniona bila meno.

Mwandishi: Hapo nimekuelewa, ndugu yangu. Basi tafuta saa sita hadi nane nyingine fizi zipumue, hata mchana ukiwa peke yako. Wanaolala nayo ndio wanaoota wekundu wa fangasi kwenye kaakaa, na wengi hawahisi maumivu yoyote.

bintiSaid: Ya mama imepasuka katikati, nimeunga kwa supaglu imeshika vizuri tu. Sasa inamchubua, shida nini?

Mwandishi: Shida ni supaglu. Vipande vikiungwa vikiwa vimepishana unene wa unywele, seti nzima imebadilika umbo, na fundi wa maabara hawezi tena kuvikutanisha sawasawa. Mvue sasa hivi. Kwa wengine: kusanyeni vipande vyote, hata kidogo, wekeni kwenye kikopo, pelekeni.

bintiSaid: Ungesema kwa upole tu, sikujua.

Mwandishi: Samahani dada. Mwambie mama asiivae hadi ionwe, na umpelekee daktari jinsi ilivyo, usijaribu kuibandua.

Kipepeo77: Naomba kuelewa: kwa nini ya juu inashika kama imegandishwa, ya chini inacheza?

Mwandishi: Swali zuri sana. Chukua vioo viwili vilivyolowa, vibandike, ujaribu kuvitenganisha: vinang'ang'ania. Ndivyo mate yanavyofanya kati ya akriliki na kaakaa pana, na ukingo unazuia hewa isiingie. Chini hakuna kaakaa. Seti ni kama kiatu cha farasi, eneo dogo, halafu ulimi unaisukuma kila unapomeza. Ndiyo maana wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 2002 walipendekeza vipandikizi viwili vya mbele (skrubu ndogo zinazozamishwa kwenye mfupa) kwenye taya la chini kuwa chaguo la kwanza kwa asiye na jino hata moja. Seti inabanwa juu yake kama vifungo vya kubana vya nguo, na bado unaivua kusafisha.

Kipepeo77: Mfupa unakubalije chuma?

Mwandishi: Siyo chuma chochote, ni titani. Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aligundua mfupa unaishika moja kwa moja, na mgonjwa wake wa kwanza alipandikizwa mwaka 1965. Mfupa unahitaji muda wa kushika, kwa kawaida miezi 3 hadi 6. Sigara na kisukari kisichodhibitiwa vinaharibu kazi hiyo. Aliyetumia dawa za kuimarisha mifupa amwambie daktari mapema kabisa. Na kipandikizi hakiozi kama jino, lakini fizi na mfupa unaokizunguka huugua ukikiacha kichafu.

MmeruAsili: Mimi nimekulia Arusha, meno yangu yana rangi ya kahawia kwa ajili ya maji. Nataka kuweka mawili ya mbele.

Mwandishi: Hiyo ni floraidi, madini yaliyozidi kwenye maji. Mawili meupe kabisa katikati ya ya kahawia yataonekana tokea mbali. Chagueni rangi kwenye mwanga wa mchana, dirishani, siyo chini ya taa, na muombe fundi ayatie madoa kufuata jirani zake. Picha ya zamani ukiwa unacheka inasaidia pia.

Nesi_wa_zamu: Niongeze: kabla ya upasuaji wa usingizi, semeni kama mna meno bandia na myavue. Na msiyafunge kwenye tishu wodini, yanatupwa na takataka kila mara.

Mwandishi: Ahsante dada Nesi. Kikopo chenye mfuniko na jina juu. Tena mwombe fundi aandike jina ndani ya akriliki wakati wa kupika, upande usioonekana. Ni kikaratasi chembamba kinachofunikwa kwa akriliki isiyo na rangi.