Sherehe ya kuzaliwa ya mtoto mdogo, nyumbani na bila deni

Gharama ya sherehe ya mtoto mdogo huamuliwa na mambo mawili ambayo mzazi huyapanga kabla hajatoa hata shilingi moja: wageni ni nani, na wanaalikwa saa ngapi. Mwanangu wa kwanza alipotimiza mwaka mmoja hatukuyafikiria hayo. Tulikodi ukumbi, mpambaji na mshereheshaji, tukaalika watu zaidi ya 80, na kati yao watoto hawakuzidi 10. Mtoto mwenyewe alilia tangu muziki ulipowashwa, akalala begani kwa bibi yake kabla keki haijakatwa, nasi tukamwamsha ili apigwe picha. Deni la siku ile tulilimaliza baada ya miezi mitano. Mdogo wake alipofikisha miaka minne tulimfanyia sherehe uani kwetu, hapa Dar es Salaam, na maelezo yanayofuata yanatokana na siku hiyo ya pili.

Anza na majina ya watoto. Mwulize mtoto anapenda kucheza na nani, na utaona kwamba mtoto wa miaka minne hataji zaidi ya wenzake sita au saba. Ongeza binamu zake na watoto wa nyumba za jirani, na orodha itafika 15. Hata hivyo andaa chakula cha watoto 20, kwa maana uswahilini watoto huja pale wanaposikia wenzao wanacheza, na si jambo la kiungwana kumwacha mtoto wa mtu amesimama mlangoni akitazama wenzake wakila. Watu wazima wawe wale tu ambao mtoto anawafahamu kwa sura na sauti, yaani babu na bibi, shangazi, mjomba na mama wawili watatu wanaowaleta wadogo zaidi. Kundi la michango la WhatsApp nalishauri liachwe kabisa, kwa kuwa kila aliyechanga ana haki ya kualikwa, na kila aliyealikwa anahitaji kiti, soda na sahani ya pilau.

Saa inayofaa ni saa 10 jioni hadi saa 12, siku ya Jumamosi. Ukialika watu saa 7 mchana umealika watu kwenye chakula cha mchana. Ukiwaalika saa 10, wote wamekwishakula makwao na vitafunio vinatosha. Zaidi ya hayo, jua huwa limepungua, watoto wameamka usingizini, na giza linapoingia kila mtu huaga mwenyewe. Andika saa ya kumaliza kwenye mwaliko: “Karibuni saa 10 jioni, tutamaliza saa 12.” Kama tarehe inaangukia msimu wa masika, kati ya Machi na Mei, omba turubai mapema kwa jirani au panga kutumia sebule, ukiondoa meza na makochi.

Kwa vitafunio, kilo moja ya unga wa ngano hutoa maandazi madogo takriban 30. Ongeza bagia au kachori, tikiti maji moja kubwa na ndizi mbivu, na watoto 20 watashiba bila nyama. Juisi ya ukwaju ni nafuu na haiharibiki upesi. Ukihesabu vikombe viwili vya mililita 200 kwa kila mtoto, utahitaji lita 8. Uloweke ukwaju kwa maji yaliyochemshwa, uchuje, na maji ya kuongezea pia yawe yamechemshwa na kupoa. Bisi na karanga nzima usiwape walio chini ya miaka minne, kwa sababu humpalia mtoto kwa urahisi.

Keki ndiyo inayowatia wazazi hofu, ilhali inaokeka vizuri kwenye jiko la mkaa. Saga siagi gramu 250 na sukari gramu 250 kwa mwiko mpaka mchanganyiko uwe mweupe na mwepesi. Kazi hii huchosha mkono, lakini ukiikatisha njiani keki itakuwa nzito. Tia mayai matano, moja baada ya jingine, kisha unga gramu 300 uliochekechwa pamoja na vijiko viwili vya chai vya beking poda, na maziwa kidogo. Weka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, uiache ipate moto, kisha weka chombo cha keki juu ya mchanga huo na ufunike. Makaa mengi yakae juu ya mfuniko na machache tu yabaki chini, kwani moto wa chini ukizidi keki huungua kitako huku katikati ingali mbichi. Usifunue kabla ya dakika 30. Ikifika dakika 40 hivi, choma katikati kwa kijiti cha mshikaki, na kikitoka kikavu ipua. Ioke siku moja kabla. Krimu ya siagi huyeyuka kwa joto la Dar es Salaam, kwa hiyo mimi huchanganya sukari laini na maji ya ndimu hadi iwe nzito kama uji, naimwaga juu na kuiacha igande. Hukatika vipande 24 vidogo.

Mapambo yasikusumbue. Kanga mbili za rangi kali zikitandazwa ukutani nyuma ya meza hupendeza pichani, na mikeka chini huondoa haja ya kukodi viti vya watoto. Maputo kumi yanatosha, ila yafungwe juu pasipofikiwa, na likipasuka okota vipande mara moja kabla mtoto hajavitia mdomoni.

Michezo mkabidhi dada au kaka wa miaka 12 hivi, kwani wadogo humtii kuliko wanavyowatii wazazi. Ukuti unawafaa wadogo kabisa, kukimbia na ndimu kwenye kijiko kunawafaa wa miaka minne na mitano, na rede waachie wakubwa wao. Zawadi za washindi zisiwepo. Mtoto wa umri huu akikosa hulia mpaka anapelekwa kwao.

Keki ikatwe saa 11, kabla uchovu haujawaingia. Kulishana ni desturi nzuri, lakini mtoto akiwalisha wageni wote mmoja mmoja nusu saa nzima hupita na vidole vyake vimeingia vinywa vya watu wengi. Alishe wazazi, bibi na babu na ndugu zake, kila mmoja kwa kipande na kijiti chake. Wengine wapewe kwenye sahani. Wakati wa kuondoka mpe kila mtoto visheti vichache katika karatasi. Ubuyu ninaupenda, ila mbegu zake hazifai kwa wadogo.

Ikiwa hata haya ni mengi kwa mwezi huo, zungumza na mwalimu wa chekechea upeleke keki na juisi darasani. Na kama umefanyia nyumbani, yale masufuria na mikeka uliyoazima yarudishe asubuhi inayofuata. Bakiza vipande vya keki kwa ajili hiyo, kwa sababu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, na mpe mtoto mwenyewe avipeleke.