Kutundika picha za mji unaobadilika ndani ya nyumba ya Mji Mkongwe, Zanzibar

Usipigilie msumari ukutani. Kuta za mawe na chokaa hupukutika, na tundu moja huangusha plasta ya kiganja kizima. Funga ubao mwembamba juu, chini ya boriti, kisha teremsha mishipi miwili ya nailoni, ile ya kuvulia samaki, kwa kila fremu. Mshipi mmoja huipindisha picha kila feni ikiwashwa. Nailoni huteleza, kwa hiyo zungusha fundo mara 5 ndipo ukaze.

Nyuma ya fremu, pembe zote 4, gundisha vipande vya ndara vya sentimita 1. Ukuta hutoa unyevu na chumvi. Bila upenyo wa hewa karatasi hujikunja na kuota ukungu, hasa masika. Picha kongwe zipige nakala, asili zibaki kabatini.

Katikati ya picha iwe sentimita 150 kutoka sakafuni.

Jozi ya picha, ya zamani na ya sasa, ndiyo roho ya maonyesho: Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) kabla na baada ya sehemu yake kuporomoka Disemba 2020, au Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, enzi za makuti na sasa yenye majumba ya ghorofa ya Michenzani. Piga ya sasa ukisimama palepale, saa ileile, vivuli vilingane. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili kwanza: mtaa, mwaka, mpigaji.