Jinsi ya kumfuatilia mwigizaji Thomas Mitchell katika filamu zake 5 za 1939

Ukitafuta jina tupu utaletewa akina Thomas Mitchell wengine. Ongeza 1892, mwaka aliozaliwa. Anza na Stagecoach, iliyompa Oscar ya mwigizaji msaidizi. Ndiye Doc Boone, daktari mlevi: angalia anavyomganda muuza wiski mpole, mkono haubanduki kwenye mkoba wa sampuli. Kisha Only Angels Have Wings (rubani mwenye macho mabovu) na Mr. Smith Goes to Washington (mwandishi wa habari, mlevi tena!). Katika The Hunchback of Notre Dame ni Clopin, mfalme wa ombaomba. Wengi humpita bila kumtambua, kwa hiyo fuata sauti. Gone with the Wind (ni babake Scarlett, mhusika mkuu) iache mwisho: urefu wake unakaribia saa 4.